Shedi ya kitambaa nje ya nyumba: kuikaza, kuigeuza na kuitunza mwaka mzima Arusha na Moshi

Kinachomaliza shedi ya kitambaa ni kulegea. Kitambaa kilichokazwa sawasawa hukaa kimya upepo ukivuma. Kilicholegea hupigapiga, na kila pigo huvuta mshono wa pembe, hulegeza nati na kusugua ukingo kwenye chuma. Pembe ikiachia, watu husema jua limekula kitambaa. Jua lina sehemu yake na tutaifikia, lakini kazi kubwa ya mwaka mzima ni hii: kukaza, kukagua mkazo, kukaza tena.

Tunazungumzia kitambaa cha pembe tatu au nne kinachovutwa kati ya nguzo na ukuta, juu ya baraza, maegesho ya gari au meza za mgahawa. Kwa umbo ni tanga la jahazi, ila kwa wingi neno hilo limebeba uzito wa msiba, kwa hiyo hapa tutasema shedi, kama mafundi wengi wanavyosema.

Jua kwanza una kitambaa gani

Mwaga kikombe cha maji juu yake. Yakipita, una neti iliyofumwa kwa nyuzi za polithini nzito. Yakikaa, una turubai lililopakwa PVC, jamii ya yale ya malori. Tofauti hii inaamua karibu kila kitu kinachofuata.

Neti nzuri ya shedi ina uzito wa gramu 280 hadi 340 kwa mita ya mraba. Neti nyepesi ya kitalu cha miche inafaa kwa miche, na ukiivuta kwa nguvu inayotakiwa na shedi, itanyooka na kubaki hivyo. Neti inapitisha hewa na mvua, kwa hiyo inavumilia mteremko mdogo. Turubai halipitishi chochote. Linahitaji mteremko wa nyuzi 20 au zaidi, yaani kila mita moja ya mlalo lishuke sentimita 36. Kwa shedi ya mita 5, pembe ya juu na ya chini zitofautiane karibu mita 1.8. Wengi huona tofauti hiyo ni kubwa mno, wanaweka nusu mita, halafu masika inakuja.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, na lita moja ni kilo moja. Dimbwi lenye upana wa mita 2 na kina cha sentimita 20 katikati lina zaidi ya kilo 300 za maji. Dimbwi likishaanza, kitambaa kinazama, kikizama dimbwi linakusanya zaidi, na halisimami mpaka kitu kiachie. Ukilikuta limejaa, usisimame chini yake ukalisukuma kwa ufagio. Legeza pembe moja ya chini ukiwa pembeni, maji yamwagike upande usio na mtu.

Kagua kuanzia ardhini kwenda juu

Anza na nguzo. Kwa shedi ya mita 5 kwa 5, bomba la chuma la inchi 4 lenye unene wa milimita 4 au 5, lililozikwa karibu mita moja ndani ya zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), ndiyo kazi ya kuaminika. Nguzo isimamishwe ikiegemea nje, mbali na shedi, nyuzi 5 hadi 10, ili mvuto uirudishe wima. Weka pimamaji kwenye nguzo, uandike kipimo. Baada ya masika weka tena. Ikiwa imesogea ndani, msingi umetikisika, na hakuna kukaza kutakakokuokoa. Hili hutokea zaidi kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Angalia pia pale bomba linapoingia kwenye zege: maji yakituama hapo, kutu inakula bomba palepale. Sehemu ya juu ya zege inapaswa kuwa na mgongo unaotiririsha maji nje.

Upande wa ukutani, swali ni moja: bolti imeshika nini? Inapaswa kushika linta ya zege, ikipita upande hadi upande na kuwa na bamba la chuma nyuma, au anka bolti ya milimita 12 iliyoingia vizuri kwenye zege. Tofali la bloku pekee halitoshi, kwa kuwa bolti hung'oka na kipande chake. Fishabodi haifai kabisa. Ile ni mbao ya kufunika ncha za kenchi, haikuwekwa kubeba mzigo wa upepo.

Mzigo wenyewe ni huu. Upepo wa kilomita 60 kwa saa una shinikizo la karibu kilo 17 kwa kila mita ya mraba. Kwenye shedi ya mita za mraba 25 hiyo ni zaidi ya kilo 400, na kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nne.

Kisha vyuma vya pembeni: pete iliyoshonewa kwenye pembe, pingu ya umbo la U yenye pini, na kikazio, yaani chuma chenye mwili katikati na skrubu mbili zinazoingia pande mbili ukizungusha. Nunua vya stenlesi, si vile vilivyopakwa rangi ya fedha tu. Chukua sumaku ndogo ukienda dukani: ikinata kwa nguvu kwenye kikazio, hicho ni chuma cha kawaida kilichong'arishwa. Stenlesi nayo ina ugonjwa wake, kwani skrubu yake ikisuguana na nati yake bila mafuta hujing'ang'ania hadi haifunguki tena. Grisi kidogo kabla ya kufunga inatosha. Pale stenlesi inapogusana na nguzo iliyopakwa zinki, weka washa ya plastiki katikati. Zikiguswa na maji pamoja, zinki ya nguzo ndiyo inayoliwa.

Mwisho, mshono. Panda ngazi, weka ukucha juu ya uzi wa pembe, ukwangue. Uzi mzima unateleza chini ya ukucha. Uliokufa unatoa unga mweupe na kukatika nyuzi mojamoja. Uzi huchoka kabla ya kitambaa, na hapa kwetu huchoka haraka: tuko karibu na ikweta, Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua huongezeka kadiri unavyopanda. Dhamana ya miaka 10 unayoambiwa dukani mara nyingi ni ya kitambaa, si ya uzi. Uliza.

Kukaza, hatua kwa hatua

Fanya kazi hii kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi, siku isiyo na upepo. Saa 8 mchana kitambaa kina moto na kimelegea. Ukikikaza hapo hadi mwisho, usiku wa baridi kitajivuta na kuumiza mshono. Unahitaji watu wawili, ngazi mbili, spana, bisibisi nene ya kuzungushia kikazio, na grisi.

1. Pima nafasi. Kati ya pete ya pembe na nguzo iwepo nafasi ya sentimita 25 hadi 40 kwa kikazio na kwa kitambaa kunyooka. Kama hakuna nafasi, shedi ni kubwa kuliko mahali pake na haitakaza kamwe.

2. Fungua vikazio vyote hadi karibu na mwisho, lakini skrubu ibaki imeshika ndani. Chungulia kwenye tundu la mwili wa kikazio: ncha zote mbili za skrubu zionekane.

3. Funga pembe zote zikiwa zimelegea. Usimalize moja kabla ya nyingine kufungwa.

4. Anza na pembe mbili zinazotazamana. Zungusha moja mara nne, nenda ya pili mara nne. Halafu jozi nyingine. Kukaza pembe moja hadi mwisho ndiyo njia ya haraka ya kupinda shedi, na hapo makunyanzi hayataisha.

5. Rudia kwa mzunguko mmoja mmoja, kisha nusu nusu, huku mtu wa pili akisimama mbali akiangalia makunyanzi.

6. Piga kiganja karibu na pembe. Unatafuta mlio mfupi, kama ngozi ya ngoma. Katikati ya shedi pataendelea kucheza kidogo, na hilo ni sawa.

7. Funga nati za kuzuia. Kama kikazio hakina, pitisha waya mwembamba wa stenlesi kwenye tundu la mwili na kwenye jicho la skrubu, usokote. Fanya hivyohivyo kwa pini ya pingu. Kikazio kisichofungwa hujifungua chenyewe kwa mtikisiko.

8. Chora mstari mmoja wa rangi unaopita kwenye mwili wa kikazio hadi kwenye nati. Ukipita siku nyingine chini yake, utaona bila kupanda ngazi kama kimezunguka.

Shedi mpya hunyooka. Rudi baada ya wiki mbili, na tena baada ya mvua kubwa ya kwanza. Baada ya hapo, kila miezi mitatu inatosha.

Makunyanzi yanasema ugonjwa ulipo. Mistari inayotoka pembe moja kwenda pembe inayoitazama maana yake jozi hiyo imevutwa kuliko nyingine. Kaza jozi ya pili, usilegeze ya kwanza mpaka umejaribu. Ukingo unaopepea wakati katikati kumekaza unaonyesha kwamba pembe mbili za ukingo huo zinahitaji kuongezewa. Kama ukingo umekatwa kama mstari ulionyooka badala ya kuingia ndani kama upinde, tatizo ni la fundi aliyeshona: upande wa mita 5 unapaswa kuingia ndani karibu nusu mita katikati, maana ni upinde huo unaogawa mvuto kwenye ukingo wote. Haukazwi ukapona, unapelekwa kukatwa upya.

Na kikazio kikifika mwisho huku kitambaa bado kimelegea, ongeza urefu wa mvuto kwa kusogeza ndoana nyuma, au punguza pingu moja. Usifunge fundo kwenye kitambaa.

Kufuata jua

Hapa jua halikai upande mmoja mwaka mzima, na watu wengi huweka shedi Januari wakidhani kivuli cha Julai kitakuwa palepale. Karibu na tarehe 12 Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita juu ya vichwa vyetu. Mwezi Juni liko upande wa kaskazini: pembe iliyo mita 3 juu, kivuli chake cha mchana huanguka mita 1.5 kusini mwake. Desemba liko kusini, na kivuli kinahamia kaskazini kwa mita 1.1 hivi. Tofauti ya mita 2.6 inatosha kuacha meza nzima juani. Jua lenyewe hufika juu kabisa karibu saa 6 na nusu, si saa 6 kamili, kwa sababu saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki zaidi.

Tabu kubwa kuliko mchana ni alasiri. Saa 10, kivuli cha pembe iliyo mita 3 juu kinaanguka karibu mita 4 mashariki mwake. Ndiyo maana unakuta shedi kubwa na watu wote wamejibana upande mmoja. Dawa ni mbili. Shusha pembe za magharibi hadi mita 2.2, zisishuke zaidi ya hapo watu wasigonge vichwa, na uinue za mashariki. Au isogeze shedi nzima magharibi ya mahali unapokaa.

Ili kugeuza kusiwe mateso, weka ndoana tatu kwenye kila nguzo, zikiachana sentimita 30. Geuza mara mbili kwa mwaka, Aprili na Septemba. Kwa neti unaweza kufanya hivyo kwa uhuru. Kwa turubai, mteremko ndio unaotawala, kivuli kinafuata.

Mwaka unavyokwenda

Januari na Februari ni joto kali, hasa Moshi. Kazi ni ndogo: kagua mishono kwa ukucha na angalia mistari ya rangi kwenye vikazio.

Mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika, fanya ukaguzi mzima kuanzia nguzo hadi uzi. Fuatilia utabiri wa msimu na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ikitolewa tahadhari ya upepo mkali, shusha shedi. Dakika 20 za kushusha ni nafuu kuliko nguzo iliyopinda. Kama turubai lako halina mteremko wa nyuzi 20 na huwezi kulirekebisha, lishushe hadi mwisho wa Mei, bila kubishana nalo.

Aprili na Mei, pita chini yake baada ya kila mvua kubwa. Alama ya matope ya duara katikati ya turubai inaonyesha dimbwi lilikuwepo, hata kama limekauka.

Juni hadi Agosti Arusha kuna baridi na mawingu, na watu wanalitafuta jua. Huu ndio wakati wa kushusha shedi, kuiosha, kuishona na kupaka nguzo rangi. Kutu ya nguzo piga msasa hadi chuma king'ae, paka redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo rangi ya mwisho.

Septemba na Oktoba ni vumbi. Kuelekea Oktoba na Novemba mijakaranda inachanua na kumwaga maua ya zambarau. Yanapendeza barabarani, juu ya shedi yanalowa, yanaoza na kuacha madoa ya kahawia, na kwenye pembe ya chini yanajaza mfuko mzima. Yafagie yakiwa makavu, kila siku mbili tatu. Yakishalowa umechelewa.

Kisha vuli, na Desemba. Kilimanjaro watu wanarudi nyumbani, ua umejaa wageni, na mara nyingi jiko la nyama linasogezwa kivulini. Lisogezwe nje. Polithini huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 130 za Selsiasi, na cheche moja ya mkaa inatosha kutoboa tundu. Moshi wenye mafuta unapanda kwenye neti na kukamata vumbi la miezi yote inayofuata.

Kuosha

Fagia kavu kwanza. Kisha maji ya vuguvugu, sabuni ya maji kidogo, na brashi laini ya kuoshea gari. Sugua kwa kufuata mshono, si kuukata. Suuza hadi povu liishe, acha ikauke ikiwa imevutwa. Kinyesi cha ndege kikiwa kikavu usikikwangue. Funika kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kwa dakika 20, kitatoka chenyewe.

Ukungu wa kijani au mweusi hauli polithini, unakula uchafu ulio juu yake. Ukiondoa uchafu unaondoa chakula chake. Usikimbilie jiki, kwa kuwa klorini inatoboa stenlesi vitundu vidogo na kufifisha rangi. Mashine ya kuoshea magari kwa presha inaruhusiwa kwa mbali tu, mita moja na zaidi, na kamwe isielekezwe kwenye mshono. Na kama unapulizia dawa bustanini au kwenye mazao, epuka zenye salfa na klorini karibu na neti. Zinaharibu ile kemikali iliyochanganywa kwenye polithini kuilinda na jua, na neti inaanza kuvunjika kama biskuti.

Kushona, kushusha na kuhifadhi

Tundu dogo kwenye neti iliyofumwa halikimbii kama lile la soksi, kwa hiyo una muda. Shona kiraka cha neti ileile kwa uzi wa poliesta wa kuhimili jua. Uzi wa nailoni unakufa mapema juani. Gundi haishiki polithini, usipoteze fedha. Turubai la PVC ni kinyume: safisha kwa spiriti, paka gundi ya PVC pande zote mbili, kiraka kizidi tundu sentimita 5 kila upande, na pembe zake zikatwe mviringo zisibanduke. Pembe iliyoachia mpelekee fundi wa turubai za malori au wa viti vya magari, mwenye cherehani nzito, na umwambie aongeze tabaka la mkanda chini ya pete, siyo kurudia mshono juu ya matundu ya zamani.

Unaposhusha, legeza vikazio vyote kidogo kidogo kabla ya kufungua chochote. Pembe inayofunguliwa ikiwa na mvuto inaruka na chuma chake. Kabla ngazi haijasimama, angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani ulipo. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila pembe: kaskazini-mashariki, kusini-magharibi na kadhalika, kwa sababu shedi inayoonekana mraba mara nyingi si mraba kamili.

Neti ikunjwe, turubai liviringishwe kwenye bomba ili rangi ya PVC isipasuke kwenye mikunjo. Vyote viwe vikavu hadi kwenye pindo, maana pindo hukauka mwisho. Weka ndani ya gunia linalopitisha hewa, lining'inie juu panya asifike.

Siku kitambaa kitakapochanika ukikivuta kwa mikono miwili, kimemaliza kazi yake ya juu. Kata pete za pembe uzihifadhi, vikazio na pingu vipakwe grisi, na kilichobaki kitafaa miaka mingine kuwa kivuli cha miche ya kahawa au juu ya banda la kuku.